Makopo Mawili Dirishani

Adamu, kabla hujakaa, nenda getini umwambie Methusela azime lori, maana ule mngurumo unanitikisa kitanda, na pumzi niliyobakiwa nayo inatosha jambo moja tu, sitaki kugawana na injini. Mwambie asipakie hata chepe moja mpaka nimalize. Akiuliza nitamaliza saa ngapi, mjibu kwamba mzee mwenyewe hajui, ila dalili zinaonyesha si mbali.

Haya, umerudi. Naima, kaa huku kulia, kaka yako akae kushoto, si kwa heshima, ni kwa sababu tangu jana hamtazamani na sitaki mtu apigane juu ya tumbo langu. Hamida, mke wangu, wewe bakia hapo miguuni, unipashe joto. Na wewe dada, dada Tabu, usiende jikoni. Najua chai iko motoni, iache ifurike. Leo nakuomba ukae pale dirishani, karibu na yale makopo mawili ya maharage, na usiondoke hata nikisema neno litakalokuchoma, kwa sababu nitalisema, kisha nitalitibu kabla sijalala.

Bismillahi. Mimi Mustapha, mtoto wa mlimani Kolo, nasema haya nikiwa na akili zangu, zile chache nilizopewa. Sijafika sitini na mmeshaniita mzee siku nyingi. Nimekubali, maana uzee wenyewe sitauona, basi angalau nionje jina lake. Nyumba hii na kiwanja chake, toroli, chekeche, maturubai na vifaa vyote vya kazi, sitavigawa hapa. Mrithi hausiwi, hilo mlifundishwa chuoni mkiwa wadogo. Shekhe atakuja atawagawia kama sheria inavyosema, na ninachoomba tu ni kwamba mama yenu asihamishwe chumba chake, si kwa ukali wala kwa maneno matamu. Wosia wangu uko juu ya kitu kimoja, kitu ambacho mgeni akikiona anaziba pua: lile lundo la mboji nyuma ya nyumba, ambalo lori limekuja kulichukua.

Mnajua nilikotoka na kazi hii. Nimeendesha malori mpaka Lubumbashi, mpaka Bujumbura, mpaka Kapiri Mposhi, na kote huko nimekwama kwenye matope, na dereva aliyekwama hana la kufanya ila kuutazama udongo uliomkamata. Wenzangu walirudi na redio na mashati ya maua. Mimi nilirudi na udongo chini ya kucha na hadithi ambazo mama yenu hajaziamini hata moja, na ile ya kiboko ni kweli, Hamida, naapa. Mgongo ulipokataa usukani nikaja hapa Nzuguni, wakati mbigili zilikuwa nyingi kuliko nyumba. Watu wa maofisi wakahamia Dodoma, wakajenga, na kila mmoja akataka ukoka mbele ya mlango kama ule aliouona kwenye simu. Udongo wa huku ukawakatalia, mgumu, umetoa unga mweupe juu, ukimwaga maji yanasimama yanakutazama kama mgeni ambaye hajakaribishwa. Nao wakazidi kuukosea. Alfajiri wanaufagia uwanja mpaka wanafikia mfupa wa ardhi, majani yaliyoanguka wanayachoma, majivu wanayamwaga kwenye maua, halafu wananipigia simu: "Mzee Mustapha, hivi maua yangu yamelogwa?" Hayajalogwa, mama. Yamefagiliwa.

Hapo ndipo tulipopata riziki. Na utaratibu tulioufuata mnaujua, maana mmekua nao. Tukiitwa kwenye nyumba tunachimba udongo kidogo kila pembe na katikati, mbali na mahali walipochomea taka, tunauchanganya kwenye ndoo safi, tunaukausha kivulini, Naima anaupima kujua kama ni mchachu au una magadi. Kisha mboji yetu tunaichanganya na udongo wa nyumba hiyo hiyo, tunapanda maharage kwenye kopo, tunasubiri majani yafunguke. Maharage hayamwonei mtu haya. Hayapendi magadi, hayapendi chumvi, hayapendi samadi mbichi, na ukiyaonea, kingo za majani zinakauka kama karatasi iliyopitishwa juu ya mshumaa. Mboji yetu haijawahi kutoka getini kabla ya kopo kutoa jibu. Ndiyo maana jina letu linatajwa mpaka Mpwapwa kwa watu ambao hawajawahi kuniona, na nashukuru hawajaniona, maana sura hii isingeuza hata mchicha.

Nipe maji, Hamida. Kidogo tu. Daktari alisema nipimiwe, nisije nikazama nikiwa nchi kavu.

Sasa sikieni vizuri. Lundo lile nililijenga kwa mikono yangu kabla figo hazijanigomea. Samadi ya zizi la Mazengo jirani yetu, iliyokaa ikapoa. Mabua, maganda ya karanga, majani makavu tuliyowaomba watu wasiyachome. Mazengo kila akipita alikuwa ananitania: "We Mrangi, ukifa tukuzike humo humo, utaota." Nilimjibu kwamba nikiota, ng'ombe zake ndizo zitakuwa za kwanza kunila. Lundo likapata joto, nikaligeuza, likapata joto tena, nikaligeuza, na siku nilipoanguka lilikuwa karibu kuiva. Adamu akampa neno lake Mama Antonia, yule nesi mstaafu anayetaka bustani ya mboga na ukoka wa wajukuu, kwamba mboji hii ni yake. Hapo hukukosea, mwanangu. Kwa siku ile ilikuwa mboji ya kumwahidi mtu.

Kisha nikarudishwa kutoka hospitali, na nyumba ikajaa watu. Mungu awalipe wote. Waliokuja kuniuguza hawakukaa mikono mitupu: walipika, walifua, walifagia, na kila walipofagia walitafuta jalala. Nyuma ya nyumba wakaona rundo kubwa la takataka, wakasema hili ndilo. Majivu ya mafiga yakaenda pale, asubuhi na jioni, ya chakula cha wageni wote hao. Maji ya vyombo yenye chumvi nayo pale. Mimi huku ndani naletewa supu kwa siri, eti daktari hana huruma, kanikataza chumvi, na kila anayenipenda anaongeza kidogo ili nipate nguvu. Mnaona? Mimi na lundo langu tumeumwa ugonjwa mmoja, na dawa yetu imetoka kwa watu wale wale, kwa mapenzi yale yale.

Nani kawaambia walipakie? Nasikia chepe! Adamu, nasikia chepe likigonga bati la lori! Mpigie kelele huko dirishani. Methusela! Weka chini! Mwambie kama amechoka kusubiri aje abadilishane na mimi, alale yeye hapa.

Amekoma? Haya. Moyo wangu huu si wa kukimbizwa hivyo.

Mlidhani sijui. Mboji iliyoiva inanuka kama ardhi iliyopata mvua ya kwanza. Juma moja, upepo uliingia dirishani na harufu inayochoma pua, harufu ya choo cha stendi, na nikajua kuna majivu mengi yamekutana na samadi, chakula cha mimea kinaondoka na hewa na magadi yanabaki. Sikumwuliza mtu. Nilimwita Naima, nikamwambia, chukua makopo mawili. Moja weka udongo wa kwa Mama Antonia. La pili weka udongo wa kwenye ndoo ya ule mche wa mpera aliokuja nao shangazi yako kutoka kwake Kolo, ili nisikie harufu ya nyumbani. Yote mawili tia mboji ya lundo lile, panda maharage, weka hapa dirishani, na ukiulizwa sema ni burudani ya mgonjwa. Na siku hizi zote nimelala nikiyatazama kama wengine wanavyotazama televisheni.

Jana alasiri mkasimama nje ya dirisha hili mkadhani nimelala. Macho yangu yalilala. Masikio hayakupata taarifa. Naima ukasema, "Kopo la Mama Antonia limeungua. Hiyo mboji haitoki." Adamu ukasema, "Tukisema imeharibika atauliza nani kaiharibu. Ukimwambia shangazi, utamuua kabla ya baba." Naima ukasema, "Na ukipakia utaua bustani ya watu, na jina la baba." Na wewe Adamu ukajibu neno ambalo limenikosesha usingizi: "Bustani ni majani, Naima. Shangazi ni mtu."

Dada. Usiinuke. Kaa. Hamida, mshike mkono. Naam, ni wewe, dada yangu. Majivu yale ni yako, na uliyabeba kila siku kwa ungo, ukiwa umefunga kanga kiunoni, na mgongo huo unaouma, ukaona unanisaidia. Nimesema. Neno limetoka, halijamuua mtu. Sasa acha nilitibu.

Wanangu, mmejua kwamba shangazi yenu amemwaga majivu, lakini hamjui majivu yenyewe ni nini kwake. Tulipokuwa watoto Kolo, korongo lilikuwa linakula shamba la mama yetu kila masika. Unalala una mahindi, unaamka una genge jekundu. Serikali ikaamuru mifugo iondolewe mlimani ili ardhi ipone, na kweli miaka ilipopita majani yalirudi, lakini ng'ombe walipoondoka samadi iliondoka nao, na udongo wetu ulikuwa mchachu, mahindi yanasimama njano kama yana homa. Huyu dada yangu, msichana tu wakati huo, ndiye aliyezunguka nyumba kwa nyumba akiomba majivu ya jikoni. Watu walimcheka. "Tabu, unakwenda kupika mahindi shambani?" Alibeba kwa ungo, akamwagia shina kwa shina, na mahindi yakasimama, na tukala. Meno haya niliyokuwa nayo, kabla barabara ya Bujumbura haijachukua mawili, yaliota kwa majivu yake. Kwa hiyo mtu asije akasema hapa, wala huko msibani nikiwa nimefunikwa, kwamba Tabu hajui kitu. Dawa ya Kolo aliijua kabla sijajua kufunga suruali. Ila huku si Kolo. Udongo wa Nzuguni una magadi tayari, ukiuongezea majivu ni kama kumpa chumvi mtu wa figo. Mkono ni ule ule, dada, na majivu ni yale yale. Ardhi ndiyo imebadilika chini ya miguu yako, na hakuna aliyekwambia, na mimi ndiye niliyekuleta.

Leteni makopo. Yaleteni hapa kifuani, macho yangu yana ukungu lakini vidole bado ni vya kwangu. Hili… hili ni la Mama Antonia. Sikia, Adamu, gusa. Kingo zinavunjika. Limejikunja kama mtu mwenye baridi. Hii ndiyo bustani uliyotaka kumpelekea yule mama, na wajukuu wake wangecheza juu ya vumbi. Na hili la pili, la udongo wa mpera… subhanallah. Dada, gusa na wewe. Gusa bila kuogopa. Laini. Limefunguka. Majani mapana kama masikio ya mbuzi. Mboji ile ile, Naima, siyo? Sema kwa sauti wasikie. Ile ile. Tena amepima udongo wa ndoo kwa kipimo chake, akaukuta mchachu kama tulivyouacha. Magadi ya lundo yamekutana na uchachu wa Kolo, vikasikilizana.

Basi huu ndio wosia wangu, na nyote mshuhudie. Lundo lile lote ni la dada yangu Tabu. Yeye si mrithi, nina watoto, sheria inaniruhusu kumwusia, na thamani ya lundo haifiki hata kivuli cha theluthi ya mali yangu. Lipakiwe leo hii kwenye lori lile lile lililo getini, liende Kolo, limwagwe kwenye shamba la mama, lile la kando ya korongo, ambalo dada analilima peke yake mpaka leo. Na msilifukie lote kwa pupa. Lichanganywe kidogo kidogo, lipigwe mvua kwanza, na Naima aende achukue udongo wa pembe zote za shamba, maana ndoo moja ya mpera si shamba zima. Utaratibu ni utaratibu, hata kwa maiti. Ukikuta kuna pembe imekataa, pembe hiyo iache, usiseme baba aliagiza.

Adamu. Usiangalie chini. Wewe ulitaka kuficha ili usimwaibishe shangazi yako, na mimi sitakulaumu kwa kuwa na moyo. Ila ungemficha shangazi nyuma ya bustani ya mtu mwingine. Sikiliza, Naima, nawe usicheke moyoni. Wewe ulikuwa na jibu la kopo tangu juzi, na ulilitumia kumshinda kaka yako badala ya kukaa naye mfikiri lundo liende wapi. Kuanzia leo, Adamu haahidi kabla ya kopo, na Naima hasemi hapana bila kusema nini kifanyike. Mteja akiwaita nendeni wawili. Mmoja akienda peke yake, huyo amekwenda kutembea tu, hajaenda kazini.

Simu yako inaita. Ni Mama Antonia? Usiizime. Ipokee hapa hapa, mbele yangu. Hapana, usimwambie lori limeharibika, Methusela ataona haya kwa niaba ya lori. Sema kama ilivyo.

…

Mwambie shikamoo yangu. Naam. Mwambie kopo limeungua… Mwambie ni majivu… Sema "tumeyamwaga sisi nyumbani." Sisi. Vizuri, mwanangu. Mwambie lundo jipya mtaanza kulijenga kesho, na Naima atampelekea kopo alione kwa macho yake. Na mwambie kwa sasa aache kufagia chini ya miti yake, majani ayalaze pale pale, akikata nyasi chache alizonazo asitupe vipande, aziache zijilishe zenyewe. Amesemaje? Rudia. Amesema, "Mwambie mzee nitasubiri, si niliwasubiri wagonjwa maisha yangu yote." Hah. Nesi yule. Msinichekeshe, mbavu zinauma.

Dada. Unasema nini? Sema tena, sikio hili limekuwa zito. Unasema ungeniuliza kwanza. Dada yangu… ungeniuliza nikiwa na homa ile, ningekujibu kwa Kilingala. Yamekwisha. Hakuna wa kumdai mwenzake.

Adamu, mwambie Methusela aanze kupakia. Sasa ndiyo. Nataka kusikia chepe likiingia lundoni. Lile nililikatisha, hili nitalifurahia. Na njia ya Kolo siku hizi ni lami, apite pole pole pale kwenye makona baada ya Kondoa mjini, breki zikipata moto asizikanyage mfululizo… Mimi niliondoka Kolo kwa njia hiyo nikiwa nimekaa juu ya magunia ya karanga. Nirudisheni kwa njia hiyo hiyo. Mnizike Kolo, juu ya korongo, upande ambao majani yamerudi. Ila msinipakie na hili lundo, shekhe atakataa na Mazengo atacheka mwaka mzima. Lundo litangulie. Mimi nitafuata… gari langu nalo naona limeshakaribia.

Hamida. Ile ya kiboko… basi, amini tu. Ni zawadi.

Wanangu, sogeeni. Nipeni mikono. Haina nguvu ya kubana, ifanyeni kama imebana. Mungu awape ardhi inayojibu mkiiuliza, na subira ya kungoja ijibu. Awape watu wa kuwaambia ukweli bila kuwavua nguo. Msimwache shangazi yenu alime peke yake. Msimwache… mama yenu… kila masika mmoja wenu afike Kolo. Awe na kopo.

Nasikia chepe. Mnasikia? Limeingia vizuri. Limeiva lile… lisingeingia hivyo kama halijaiva.

Liacheni kopo la kijani hapa. Lile jingine… mpelekeeni mama yule.

Dada, geuza uso upande wa pili. Unalidondoshea. Maharage hayapendi chumvi.